Blanketi Nililolianika Sori

Mwanangu Omondi,

Salamu nyingi sitakuandikia, maana asubuhi ya leo nimekuona ukinywa chai kwa mandazi manne, na mtu wa mandazi manne hana haja ya kuulizwa kama ni mzima. Niko hapa kisiagini. Stima imepotea tangu saa saba mchana, na wanawake wameacha mahindi yao kwenye foleni wakaenda zao sokoni kungojea irudi. Kimya cha namna hii hatukipati mara nyingi hapa Migori. Nimeona niandike sasa, kwa sababu kesho asubuhi utapanda basi la Eldoret, na pale steji sitaweza kukwambia kitu. Nitakuwa nagombana na makanga juu ya sanduku lako.

Mambo ya sabuni, ya nauli, ya marafiki wabaya na ya kupiga simu kila Jumapili mama yako ameshakueleza, na bila shaka anakueleza hata sasa ninapoandika. Mimi hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, nami nimekaa nalo miaka kumi. Ni ile Krismasi ya Sori. Wewe na mimi hatujaizungumza hata siku moja. Naogopa kwamba ukiondoka kesho kabla sijaisema, utaibeba aibu ile mpaka huko chuoni ukidhani ni yako, na aibu hiyo ni yangu.

Na kilichonisukuma ni neno lako la Jumapili. Ulikuwa unasugua viatu pale mlangoni, ukasema bila kuinua macho, "Baba, Krismasi mimi sikuji. Mtaniona April." Mama yako akaacha kuchambua mboga. Mimi nikajibu, "Sawa," kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Sikuwa nimekasirika, Omondi. Nilikuwa nimechoka. Nilijua vizuri sana kwa nini hutaji Krismasi ukiniangalia usoni, na nimechoka kujua halafu kunyamaza.

Basi nianzie mbali kidogo, maana ulikuwa mdogo na mengine huyajui.

Kule Sori, kando ya ziwa, kazi yangu ilikuwa kununua omena, wale dagaa wadogo, kutoka kwenye mashua, kuianika, na kuwauzia wafanyabiashara waliokuja kutoka huku Migori. Nilikuwa pia mlevi. Sitalisingizia kanisa nililoingia kule: ndilo lililonitoa kwenye chang'aa. Kabla yake nilikuwa narudi nyumbani nikishikilia nyua za watu, na mama yako alikuwa ameanza kufunga nguo zake polepole, leo gauni, kesho leso, bila kusema neno. Halafu watu wawili wa kanisa hilo wakaja, wakakaa nami wiki nzima wakiomba na kuniletea uji, na pombe ikaniacha. Mtu akikutoa shimoni, unamwamini hata anapokuonyesha njia ya shimo lingine.

Halikuwa kanisa lenye jina kubwa. Lilikuwa banda la mabati karibu na uwanja wa kuanikia omena, na mkubwa wetu tulimwita Mtumishi, basi. Alikuwa amevua samaki kabla ya kuhubiri, kwa hiyo alijua kutuambia mambo kwa kazi yetu wenyewe. "Omena isipoanikwa inanuka," alikuwa akisema, "na nyumba ni hivyo hivyo." Siku ya Krismasi, makanisa mengine yalipokuwa yakila na kucheza, sisi tulifunga kula. Tuliiita Siku ya Kuanika. Kila mtu alileta kitu kilichofichwa nyumbani mwake, akakitandaza juani juu ya nyavu tulizoanikia omena, akasema mbele ya wote ni kitu gani. Wanawake walileta dawa za waganga. Mwanamume mmoja alileta barua za mwanamke wa Homa Bay, na mkewe amesimama pale pale akisikia. "Mficha maradhi kifo humuumbua," Mtumishi alisema, nasi tukaitikia Amina.

Mwaka wa kwanza nilianika chupa yangu. Watu walilia, wakanikumbatia, na sikuwahi kujisikia mwepesi namna ile. Mwaka wa pili nilianika redio, kwa sababu ya nyimbo za dunia. Mwaka wa tatu sikuwa na kitu. Na mwaka huo ndio walikuwa wanatafuta mzee mpya wa kanisa. Mtumishi akaniita kando akaniambia, "Ndugu, mtu ambaye hana kitu ya kuanika ni mtu anaficha." Nilirudi nyumbani nikaanza kutazama chini ya vitanda vyangu mwenyewe kama mwizi.

Mama yako alikuwa ameniambia siri moja wiki chache kabla. "Baba Omondi," alisema, "huyu mtoto bado analowesha kitanda. Usimchape, na usiambie watu hii maneno. Ataacha tu." Nikamwambia hapana, siwezi kusema. Nilimwahidi nikimwangalia usoni.

Asubuhi ya Krismasi alipoteremka ziwani kuchota maji, nililichukua blanketi lako. Lilikuwa lile la kijivu lenye mstari mwekundu, alilokununulia nyanya yako wa Asumbi. Lilikuwa bado limelowa. Nililikunja nikalitia kwenye gunia, nikatangulia kanisani ili nisikutane na mama yako njiani.

Ilipofika zamu yangu nililitandaza. Nikasema, "Hii ni blanketi ya mtoto wangu Omondi. Ako na miaka tisa na bado anakojoa kitandani. Naanika nyumba yangu." Watu wakapiga vigelegele. Mtumishi akakuita, ukatoka katikati ya watoto wa darasa lenu ukiwa umevaa shati lako la manjano, ukitabasamu, kwa sababu ulidhani unaitwa kuimba. Akasema hilo ni pepo la maji, na upige magoti mchangani kando ya blanketi mpaka likauke.

Jua la Desemba kule Sori unalijua. Lakini blanketi zito halina haraka. Lilikauka saa tisa. Mama yako alijaribu mara mbili kukuletea maji ya kunywa, wanawake wakamzuia. Mimi nilikuwa naimba. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba niliimba, na niliimba vizuri, na watu walinisifu sauti yangu jioni ile.

Kesho yake mama yako alikuchukua mkaenda kwao Asumbi. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuambia wewe. Sikuambia kanisa." Mimi nikabaki, nikafanywa mzee wa kanisa, nikapewa kiti cha mbele. Watoto wa Sori walikuwa wameshakupa jina jipya, Blanketi, na nilipowasikia barabarani wakilitaja nilijiambia kwamba aibu ni dawa chungu, itakuponya.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wahenga walisema, na mimi nililisoma shuleni nikapata vema. Kulijua neno ni kitu kimoja, kulifuata ni kingine.

Nilikuja Asumbi wakati wa Pasaka kumbembeleza mama yako arudi. Nilifika mchana, wewe uko shuleni. Nyanya yako alinipa chai, halafu bila kunisalimu sana akanishika mkono akanipeleka kwenye chumba ulichokuwa unalala. Kitanda kilikuwa kitupu. Chini, kwenye saruji, kulikuwa na magunia mawili yametandikwa, na hakuna blanketi wala shuka. "Amekataa," nyanya yako alisema. "Anasema asipojifunika, hakuna kitu italowa." Ni mwinuko kule, Omondi, si ziwani. Usiku wa Asumbi una baridi. Nilikaa kwenye kile kitanda kitupu, na chai ikapoa sebuleni, na sikuweza kuinuka.

Usifikiri nilitoka kanisani kwa ushujaa. Sikusimama nikamkemea mtu. Niliacha kwenda, basi, Jumapili moja, halafu nyingine. Wakaacha kunisalimu. Wenye mashua wakaacha kuniuzia omena, maana wengi wao walikuwa wa kanisa letu. Nilipokuja Migori kutafuta kazi kwenye kisiagi hiki, nilikuwa mtu aliyeshindwa, sikuwa mtu aliyeamka. Mama yako alinirudia kwa sababu zake mwenyewe, ambazo sijawahi kumuuliza kwa kuogopa kwamba akizifikiria upya ataziona hazitoshi.

Yeye alirudi kwenye Misa yake ya utotoni, na inamkalia vizuri. Mimi siwezi. Umeniona nikimsindikiza mpaka getini halafu nikabaki nje na watu wa bodaboda, nikijifanya napenda habari za mpira. Nikisikia watu wengi wakiitikia Amina kwa pamoja, jasho linanitoka mgongoni. Mungu mwenyewe sijui nimwambie nini. Tumenyamaziana, ila hatujaachana.

*

Nimeachia hapo kwa sababu stima ilirudi. Nimesaga makopo sita ya gorogoro, moja la mtama na muhogo, halafu ikapotea tena mama wa watu akiwa na nusu ya unga ndani ya beseni na nusu ya mahindi ndani ya mashine. Ameniangalia kama mimi ndiye niliyezima. Wewe unayekwenda kusomea umeme, hilo ndilo deni lako kwa mji huu.

Nilikuwa nataka kukueleza ile Krismasi yetu ya kwanza hapa, kwa sababu wewe uliiona kwa nje na mimi niliiona kwa ndani.

Mama yako alikuwa Misa. Wewe na mimi tulikuja kisiagini, nami nikakwambia tunafanya kazi leo, ni siku kama siku nyingine. Hakuja mteja hata mmoja, maana nani anasaga siku ya Krismasi? Watu husaga tarehe ishirini na nne. Halafu kanisa la hapo nyuma likaanza ngoma na nyimbo. Nikakutazama, ukawa umejikunja juu ya magunia na masikio umeyaziba kwa vidole. Basi nikawasha mashine. Haikuwa na punje ndani. Unajua kwamba mashine isiyo na kitu hulia vibaya kuliko iliyojaa, tena inajila yenyewe. Fundi yeyote atakwambia usifanye hivyo. Mimi niliiacha ilie. Nyimbo hazikusikika tena.

Sijui ilikuwa muda gani. Nakumbuka Chacha, mchomelea vyuma wa mlango wa pili, akisimama pale mlangoni. Tulikuwa hatujazoeana, nilikuwa namjua kwa salamu tu na kwa cheche zake. Alipiga kelele ili nimsikie.

"Jirani, unasaga nini?"

"Najaribu mashine."

"Umejaribu tangu saa nne."

Akaja akatazama ndani ya mashine, akaona hamna kitu, akanitazama mimi, akakutazama wewe kwenye magunia. Akanyoosha mkono akazima swichi mwenyewe, jambo ambalo hakuna mtu anayeruhusiwa kulifanya hapa.

"Robi amepika," akasema. "Kuja na kijana."

Tukaenda na unga wetu usoni. Robi, mke wake, alikuwa ametandika mikeka uani. Alikuwepo Mama Achieng', yule Msabato anayeuza nyanya mkabala na sisi, mjane, na alipotuona tumesimama kama watu wa sensa akasema, "Kaeni. Hata mimi hii Krismasi yao siijui. Lakini kuku naijua." Robi aliombea chakula. Ilikuwa sala fupi, lakini ilipoanza niliishika nguo ya suruali yangu kwa mikono miwili. Chacha aliona. Akaniinamia sikioni akasema, "Ni chakula tu anaombea, jirani. Si wewe."

Hapo nililia kidogo, na nilisingizia moshi.

Tulikula. Kuku, chapati, ugali wa wimbi niliokuwa nimeusaga mwenyewe jana yake bila kujua ni wa nani. Wewe ulikula chapati nne. Waliongea habari za bei ya vyuma, na jogoo wa Mama Achieng' aliyekuwa anawakimbiza wateja. Hakuna aliyeniuliza ninatoka kanisa gani, wala kwa nini niliondoka Sori, wala kwa nini nilikuwa nikisaga hewa. Nilingoja swali mpaka jioni. Halikuja. Tulipoondoka Robi alitufungia chapati kwenye gazeti, akasema, "Mwaka ujao msichelewe."

Hatukuchelewa tena. Na tangu hapo, ukiniuliza Krismasi ni nini, sitakujibu kwa habari za nyota na hori, ingawa mama yako atakujibu na atakujibu vizuri. Mimi nitakwambia ni siku ambayo watu wanaojua sura yangu wananisogezea sahani bila kwanza kutaka kuona nilichoficha nyumbani. Ni kidogo. Lakini mimi nilikuwa nimetoka mahali ambapo mtu hakupendwa mpaka ajivue, na alipojivua waliomba ngozi pia.

Wewe ulikuja nasi mpaka kidato cha pili, halafu ukaacha. Ulisema nyumbani kwa Chacha pananuka rangi. Nilijua si rangi. Ulikuwa umeshakuwa mkubwa wa kunitazama nikicheka na watu na kujiuliza, huyu anacheka nini, na mimi hajawahi kuniambia neno? Ulikuwa na haki. Nilienda kwa Chacha kupumzika, nikakuacha wewe nyumbani na mzigo.

Mwaka jana ulibaki na simu yako. Mimi nilifika uani kwa Chacha na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa blanketi kwenye kamba. Limelowa, katikati ya uwanja, mbele ya wageni wote. Nilikaa, nikapewa sahani, sikuweza kutia kitu mdomoni. Nilikuwa natazama ni mtoto gani atakayeitwa.

"Baba Omondi, mbona hukuli?" Robi akaniuliza. Akafuata macho yangu. "Ah, hiyo? Ni ya Gati. Jana alikunywa soda mbili na nikamwambia." Gati, kitinda mimba wao, wa miaka sita, alikuwa anacheza pale pale. Akasema, "Tatu, mama! Nilikunywa tatu!" na akajisifu kwa vidole vyake vitatu. Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote, akarudi kwenye mchezo wake.

Ndipo mdomo wangu ukasema kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako. Nikasema, "Mimi nilikojoa kitandani mpaka darasa la saba."

Nikajua nimeharibu Krismasi ya watu. Halafu Chacha akaweka mfupa chini. "Mimi mpaka nikaenda kutahiriwa," akasema. "Wazee waliniambia kisu kitaniponya. Nikarudi nyumbani na kidonda, na usiku nikakojoa." Mama Achieng' alicheka mpaka akashika ubavu, na alipopata pumzi akasema, "Marehemu bwanangu, mpaka tumeoana! Mwezi wa kwanza! Nilifikiri ni mvua." Robi, bila kugeuka kutoka jikoni, akasema, "Ongezea huyo nyama, amekonda na siri." Wakaniongezea nyama.

Basi. Hivyo tu. Kitu kilichokupigisha wewe magoti mchangani tangu asubuhi mpaka saa tisa, pale uani kiliisha katika muda wa kuongeza sahani. Jina lako sikulitaja, Omondi. Nilianika langu. Siri ya mtoto si mali ya baba yake, na mimi nilihitaji miaka yote hii kulielewa jambo ambalo mama yako alilijua bila kufundishwa.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimedhamiria kukwambia jioni ile ile. Nikakukuta umelala kwenye kiti na simu kifuani. Nikajiambia kesho. Kesho ikawa mahindi, ikawa mitihani yako, ikawa barua ya chuo. Mimi ni hodari wa kuimba mbele za watu lakini mbele yako wewe ulimi unanikauka.

Kwa hiyo Desemba usipokuja, sitanuna, na mama yako nitamtuliza mimi. Huna haja ya kunipa sikukuu. Ila nakuomba siku hiyo usijifungie chumbani. Kutakuwa na watu huko. Kuna kijana atakayekuwa amekosa nauli, kuna mama anayepika karibu na geti la chuo, kuna mlinzi. Kaa nao, mle pamoja, hata kama ni ugali na sukuma wiki. Wakianza kukuhoji kabla ya kukupakulia, inuka. Wakikupakulia kwanza, kaa. Sina kipimo kingine cha watu wa Mungu, na hiki chenyewe nilikipata nikiwa na unga kwenye nyusi.

Sasa nimefika mwisho na nimeona kwamba hata hapa nimekuficha. Nilipokusimulia ile siku ya Sori kuna kitu nilikiruka, na nilikiruka makusudi, kalamu ikiwa mkononi.

Mtumishi alipokuwa ameweka mkono wake kichwani kwako, aliniuliza swali mbele ya watu wote. "Ndugu, kwa ukoo yenu kuna mwingine alikuwa na hii pepo?" Na wewe, uliyekuwa umeinamisha kichwa muda wote, uliinua uso ukaniangalia. Najua unakumbuka. Ulikuwa unangojea jibu kuliko yeye.

Nilikuwa na jibu. Mimi nilikuwa na mama ambaye kwa miaka saba alianika mkeka wangu nyuma ya ghala alfajiri, kabla watu hawajaamka, na akafa bila kumwambia hata baba yangu. Ningesema "Ni mimi," ungeinuka pale mchangani, au tungepiga magoti wawili. Nikamtazama Mtumishi, nikatazama kile kiti cha mbele, nikasema, "Hakuna. Ni huyu tu."

Ukainamisha kichwa tena.

Nisamehe, mwanangu. Kama si kesho, basi siku yoyote utakayoweza, na kama huwezi, jua tu ukweli. Halikuwa pepo. Ulikuwa umenirithi mimi.

Baba yako